Nimeokotwa Kwenye Uzio wa Uwanja wa Ndege

Ndugu yangu, acha unachofanya usome hii. Leo nimeokotwa. Nimeokotwa kama mtoto aliyepotelea sokoni.

Nilikuwa pale petu pa kupigia picha, nyuma ya uzio wa uwanja wa ndege. Upepo ukageuka, ndege zikaanza kutua kutokea upande wa pili. Nikavaa kamera shingoni, nikaanza kuufuata uzio.

Mlinzi akaniuliza, "Babu, unakwenda wapi?"

Nikamjibu, "Nafuata upepo."

Nafuata upepo. Ndivyo nilivyomjibu, na ni kweli tupu.

Akanikalisha kibandani, akanipa maji, akampigia binti yangu: "Dada, tumempata mzee wenu."

Tumempata. Kwani nilipotea lini?

Binti akaja mbio. Mbele ya mlinzi akasema, "Baba, kuanzia leo huji huku peke yako."

Nikamwambia, "Sawa, mwanangu. Gari unalo, nipeleke upande wa pili, ile ndege kubwa ya jioni inakaribia." Akanirudisha nyumbani. Picha nimeikosa.

Sasa sikiliza. Amekataza nisiende peke yangu, na mimi nimemwelewa vizuri sana. Kesho alasiri nakupitia. Wakituokota, watuokote wawili.