Bonge na Kadi ya Marehemu

Baba, Mama,

Mlipotoka tu, mgeni akabisha hodi: afisa mifugo, anapita nyumba kwa nyumba kukagua kadi za chanjo ya kichaa cha mbwa. Nikamletea yetu kwa maringo. Akaisoma, akamtazama Bonge, akaisoma tena.

"Binti, hapa pameandikwa jike mweusi, miaka kumi na mmoja. Huyu ni dume wa kahawia, kazaliwa juzi!"

Baba! Kumbe ulimvisha Bonge mkanda na kibati cha marehemu Malkia, ukaona yameisha? ~~Umenitia aibu.~~ Basi, yaishe, hata afisa alicheka. Lakini amesema Bonge asipochanjwa na kusajiliwa leo, kesho wanamchukua. Nami siwezi kuishi bila huyu mlafi.

Kwa hiyo nampeleka kliniki ya mifugo sasa hivi. Baba, saa sita umfuate huko, uchukue na kadi yake mwenyewe watakayompa. Mimi nitaunganisha moja kwa moja kwenye usaili wa kazi. Mama, chakula nimekifunika jikoni. Nguo hazijakauka, usizianue.

Baba, paka wa mama jirani naye utamkuta huko, umrudishe. Nilimwahidi mama huyo kwamba siku nikienda kliniki nitampeleka paka wake, maana yeye magoti hayamruhusu. Nilipomtia kapuni, alinirarua mkono wa blauzi, ile ile ya usaili, na nyingine safi sina. Nitaukunja hadi kwenye kiwiko. Paka yuko kapuni, ananguruma, na tunaondoka naye.

Kifungua mimba wenu