Picha ya Mayu Minza

Jumatatu, 4 Julai
Naandikia kwa wifi yangu, Mwanza. Mikanda ya kamera iko kwa wasafishaji wa picha, zitatoka kesho asubuhi. Miguu imevimba kwa safari.

Mume wangu Paulo, mwalimu, amenichorea ratiba na kuibandika nyuma ya mlango wa jikoni, kama ile ya darasani kwake. Jumatatu Mwanza. Jumanne kurudi na kugawa picha. Jumatano na Alhamisi vijijini. Ijumaa studio. Jumamosi harusi. Jumapili kanisa, halafu shamba. Anasema aliyetoka kwenye mshahara asipojipangia siku, siku zitampanga yeye. Ni rahisi kwake kusema. Yeye bado anapigiwa kengele.

Ushirika wa pamba ulinipunguza kazini mwezi wa tatu. Mashine ya kupiga chapa nimeiacha mezani na kifuniko chake. Kamera hii ndogo nimeuziwa na mpiga picha aliyehamia Shinyanga, pamoja na chumba chake karibu na stendi ya Bariadi. Alinifundisha wiki moja tu. Mengine najifunza kwa kuharibu.

Kazi ipo, lakini. Wanunuzi binafsi wameingia na malori yao, pamba inachukuliwa mlangoni, watu wana fedha mkononi na wanataka kujiona.

Jumatano, 6 Julai
Kijijini, mbele ya Dutwa. Kwa Masanja, mkulima wa pamba. Ameuza vizuri, anataka picha za kila kitu. Yeye na redio mpya. Mke wake Kabula na watoto. Ng'ombe. Yeye na ng'ombe. Jua zuri, kazi nyepesi.

Mwishoni akasema bado mama yake. Mama, au mayu kwa Kisukuma, anaitwa Minza, anakaa peke yake kwenye nyumba ya nyasi nyuma ya zizi. Miguu haimbebi, hakutoka nje. Nikaingia mimi. Giza, moshi wa mavi ya ng'ombe, kaa moja linawaka. Nilimsikia kabla ya kumwona.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu.

Akaitikia, akashika mkono wangu, akaushikilia. Aliniuliza kama itamuuma. Nikamwambia haiumi, ni mwanga tu. Akauliza atazame wapi. Nikamwambia hapa, kwenye kioo cha kamera. Akatazama bila kupepesa. Flashi ikawaka, nyumba nzima ikaonekana mara moja kisha ikapotea. Alisema hajawahi kupigwa picha maisha yake yote.

Nilitaka kukaa. Ratiba hairuhusu kukaa.

Jumanne, 12 Julai
Nimerudi. Basi lilisimama Dutwa kidogo. Masanja alikuwa ananisubiri. Nimempa bahasha yake kupitia dirishani. Sikuzikagua kwanza, ingawa nilifundishwa kukagua. Mfanyabiashara wa pamba alikuwa ananingoja studio kupanga harusi ya binti yake, nami nilishachelewa.

Siku nzuri. Kila kitu kwenye nafasi yake.

Alhamisi, 14 Julai
Masanja amekuja studio. Hakusalimu. Alikaa kwenye stuli ya wateja, mbele ya pazia langu la bluu, akaweka picha moja mezani kifudifudi. Mimi ndiye niliyeigeuza.

Mama yake. Uso umetoka vizuri, kila kunjo. Nyuma giza tupu. Na macho mawili mekundu. Si mekundu ya moshi. Mekundu ya kaa linalopulizwa.

"Ulipompiga uliona nini?" Masanja aliuliza.

Nikamwambia sikuona kitu. Alikuwa bibi mzee tu.

"Mbona sisi wengine macho yetu ni meusi?"

Akaniambia ndama wake wawili wamekufa mwezi huu na mtoto wa jirani ana homa isiyokatika. Kwamba picha imezunguka kijiji kizima. Kwamba watu wanasema siku zote walihisi, sasa kamera ya mjini imewaonyesha. Aliongea polepole, kama anayeeleza habari za mama wa mtu mwingine. Akaondoka. Picha aliiacha.

Nimeangalia nega, ule ukanda wa filamu uliosafishwa, kwenye dirisha. Vidoa viwili vya bluu mahali pa macho. Vipo. Sikuviweka mimi.

Naogopa. Nataka niandike kwamba sikuamini, lakini nilifunga studio nikaenda kukaa stendi kwenye watu.

Ijumaa, 15 Julai
Najua kinachowapata wazee wenye macho mekundu huku kwetu. Kila mtu anajua. Hakuna anayekisema kwa sauti.

Nimemwambia Paulo. Kasema niende. Nikamwuliza lini. Wote tukatazama ratiba. Kesho harusi, malipo ya awali nimekwisha kula. Kesho kutwa mikanda ya harusi lazima iandaliwe kwa Jumatatu. Akasema basi Jumatano, ndiyo siku ya vijijini. Nikakubali haraka. Haraka mno.

Nikienda nitasema nini? Kwamba kamera imekosea? Mimi mwenyewe sijui.

Jumamosi, 16 Julai
Harusi. Ibada mchana, sherehe ukumbini jioni. Nimefanya kazi nzuri, wamenisifu.

Nilikwenda uani kunywa maji. Wanawake wa kutoka Dutwa walikuwa wanageuza wali kwenye masufuria na kuzungumza. Mmoja alikuwa akisimulia kuhusu bibi ambaye macho yake yalitoka moto kwenye picha. Aliinua koleo kuonyesha jinsi moto ulivyotoka. Akasema sasa watoto hawapitishwi tena njia ile, na mkwe haendi kumtekea maji. Hakunijua. Nilikuwa nimeshika kamera, nikaificha kwenye khanga kama mwizi.

Nikarudi ndani. Bibi harusi alikuwa anakata keki.

Jumapili, 17 Julai
Mkanda wa mwisho ulibaki na picha chache. Nimewasimamisha mapacha wangu, Kulwa na Doto, ghalani, kati ya magunia ya mahindi, nikaumaliza. Doto alisimama kama askari. Kulwa alikuwa anamwangalia kuku mlangoni. Sikuenda shamba. Nilisema kichwa kinauma.

Jumanne, 19 Julai
Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilipewa picha Mwanza. Safari hii nilifungua bahasha pale pale, juu ya meza ya wasafishaji. Picha ya juu ilikuwa ya watoto wangu. Mapacha, magauni ya aina moja. Kulwa macho meusi. Doto macho mekundu.

Nilizirudisha picha kwenye bahasha. Nilipanda basi. Kutoka Mwanza hadi Lamadi sikumbuki njia. Nilikuwa nafikiria Doto tu. Kwamba alizaliwa wa pili, akiwa kimya. Kwamba mbuzi wetu alikufa wiki aliyoanza kutembea. Kwamba huwa anazungumza peke yake chini ya meza. Mambo ambayo hayajawahi kunisumbua yalikuja yote yakajipanga foleni. Yalikuwa na maana. Hilo ndilo lililonitisha kuliko macho, jinsi yalivyokuwa na maana.

Nilipofika nyumbani Doto alinikimbilia. Nikarudi nyuma hatua. Mtoto wangu mwenyewe. Alisimama akanitazama, hakuelewa.

Nikajifungia chumbani nikatoa picha zote kitandani, za harusi pia. Za mchana kanisani, macho meusi yote. Za ukumbini, bibi harusi mekundu. Baba yake mekundu. Mchungaji, mekundu, na kipande cha keki mkononi. Mzee mmoja pembeni, meusi, alikuwa anatazama sahani yake. Nikatenganisha mafungu. Aliyekuwa gizani akatazama kioo flashi inapowaka, mekundu. Aliyetazama pembeni, meusi. Kulwa alikuwa anatazama kuku.

Ni mwanga. Ni mwanga tu, unaingia jichoni na kurudi.

Nikatoka nikamkumbatia Doto mpaka akalalamika. Ndipo nikamkumbuka mayu Minza. Nilimwambia mimi atazame wapi. Akatii.

Jumatano, 20 Julai
Nimeng'oa ratiba. Paulo ameniona.

Nimefika saa za asubuhi. Kijiji kimya. Wanawake kisimani waliacha kuongea nilipopita, na salamu yangu iliitikiwa na mmoja tu, akiwa amenipa mgongo. Njia ya kwenda kwa mayu imeanza kufungwa na majani. Kuzunguka nyumba yake mtu amemwaga jivu, duara zima. Hakuna unyayo juu yake. Hata wa kuku.

Nikapiga hodi. Kimya. Nikafikiri nimechelewa.

Kisha sauti ikauliza, "Ni wewe wa mwanga?"

Yu hai. Moto umezimika. Mtungi mkavu. Alikuwa anatafuna michembe, viazi vilivyokaushwa, bila maji. Midomo imepasuka. Nikaenda kisimani mwenyewe, nikachota, nikarudi nikivuka jivu lile huku watu wakinitazama. Alikunywa akiwa amefumba macho.

Nikamwomba aje kwangu Bariadi. Akakataa.

"Nikitoka leo watasema nimekimbia. Nyumba nilijengewa na mume wangu. Nitaondoka nikitaka mimi."

Masanja alikuwa amesimama zizini. Nikamfuata nikamwonyesha picha za harusi. Mchungaji. Bibi harusi. Nikamwonyesha Doto, nikamwambia huyu ni mwanangu. Alizitazama moja moja. Akasema hao ni watu wa mjini, hawajui ni nani.

Nikamwambia basi niwapige ninyi. Humo humo ndani ya nyumba ya mayu. Wote.

Alikwenda kumwita balozi wa nyumba kumi. Hawakutaka kuingia. Balozi aliingia kwanza, kwa aibu nadhani, kisha Masanja, Kabula, majirani wawili. Walijibana ukutani mbali na mayu. Kila flashi ilipowaka walishtuka. Nikampiga kila mmoja peke yake, akitazama kioo. Mwisho nikawapiga wote pamoja, na mayu katikati.

Masanja ameahidi mbele ya balozi kwamba hakuna atakayevuka jivu kumdhuru mpaka nirudi. Sijui kama anaweza kuwazuia. Sijui kama anataka.

Ijumaa, 22 Julai
Mwanza tena. Mashine ya kusafisha imeharibika tangu jana. Fundi anakuja, fundi haji. Nimekaa kwenye ngazi zao. Jumamosi nina harusi ya pili, ya rafiki wa yule mfanyabiashara. Nimewapigia simu kutoka posta: sitafika. Yule bwana alikata kabla sijamaliza. Hatanipa kazi tena, na atawaambia wenzake.

Sijutii. Ninachojutia ni Ijumaa iliyopita, nilipokubali kungoja.

Picha zimetoka jioni. Nimezitazama mara moja tu, nikafunga.

Jumamosi, 23 Julai
Walikuwa wananisubiri uwanjani kwa Masanja. Wengi kuliko nilivyotegemea. Wanaume wamesimama, baadhi na fimbo za kuchungia. Nyumba ya mayu ilikuwepo bado. Nilihakikisha hilo kwanza.

Nikampa kila mtu picha yake mkononi.

Nilidhani watacheka. Njia nzima nilijiambia kwamba watacheka, wataoneshana. Hakuna aliyecheka. Balozi alishika yake kwa ncha za vidole. Macho mekundu. Kabula aliitazama yake, akaigeuza kifudifudi kwenye paja lake, akaweka kiganja juu. Jirani mmoja alimtazama mwenzake, halafu picha ya mwenzake, halafu akasogea kando kidogo. Nikaeleza habari za mwanga na giza. Nilieleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma. Walisikia. Lakini niliona jinsi walivyotazamana, nikaelewa kwamba picha zile zinaweza kumwangukia yeyote.

Balozi akauliza, "Kwa hiyo ni sisi sote?"

"Hakuna yeyote, baba. Ni mwanga."

Masanja ndiye alikuwa na picha ya pamoja. Wote ndani ya ile picha wametazama kioo, wote macho ya moto, yeye mwenyewe zaidi ya wote. Katikati yao mayu Minza, macho yake meusi, ya kawaida, yenye maji kidogo. Hakutazama kioo. Alikuwa ameinua uso anamtazama mwanawe.

Masanja akaitia mfukoni. Kisha akaenda nyuma ya zizi. Tulimsikia anafagia. Alifagia jivu lote, duara zima, kwa mkono wake, na hakuna aliyemsaidia wala kumzuia. Akaingia ndani kwa mama yake. Hatukusikia walichosema.

Watu walianza kutawanyika bila kuagana. Balozi alinirudishia picha yake, na wengine wakafanya hivyo. Akaomba nizichome zote, na nega. Nimezichoma pale pale, mbele ya waliobaki. Ile ya pamoja Masanja hakuitoa.

Jumatano, 10 Agosti
Mayu Minza aliondoka kijijini juzi. Ameamua mwenyewe, baada ya karanga zake kuvunwa. Masanja alimbeba kwa baiskeli mpaka Dutwa akampandisha basi, amekwenda kwa binti yake Kalemela. Nilipanda basi hilo hilo, nikitokea Bariadi. Alikaa dirishani. Alisema huko wanakula samaki wabichi kila siku, na yeye samaki hampendi, itabidi azoee. Binti yake alipokuja kumshusha, mayu alinishika mkono akashukuru, "Wabeja," akaenda akimwegemea.

Harusi hazipo. Napiga picha za vitambulisho na za watoto wa shule, asubuhi tu. Mchana niko shambani, isipokuwa siku za gulio. Paulo hajaandika ratiba nyingine, na sijamwomba.

Leo gulio la Dutwa. Familia moja imeniita, baba, mama, watoto, mchana kweupe, jua la utosi. Niliwapanga vizuri. Nikasema tazameni hapa. Wote kwa pamoja wakageuza nyuso pembeni, hata mtoto mchanga mgongoni, kuelekea mashamba ya pamba. Nikasema tena, kwa upole, kwamba juani macho hayawi mekundu. Hawakugeuka. Nikapiga hivyo hivyo.

Halafu nami nikageuka kuona wanatazama nini. Shamba lilikuwa limeshavunwa. Hakukuwa na mtu.