Bahari Iliyokwisha Kulipiwa

Mtoni, Temeke

Kaka yangu Badru,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta salama huko Muscat, wewe na wifi Naima. Sie tunaendelea. Mama bado yumo edani, ila ameanza kula. Arobaini ya baba tumeisoma Ijumaa, na ndugu wa Mbagala walikuja wote. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningelia kabla sijasema.

Unaukumbuka ule mchezo wa kuvua samaki niliomwekea baba kwenye simu yangu, alipopooza miguu. Lilikuwa toleo la bure: ziwa moja tu, na kila baada ya samaki watatu linakuja tangazo la sabuni. Baba hakukasirika. Alisema kumbe hata huku kuna ushuru, akasubiri limalizike. Ila samaki wenyewe aliwadharau, akawa anawarudisha majini akisema hawa hata paka wa Mtoni hawawagusi. Kila asubuhi aliuliza bahari inafunguliwa lini. Nilipomweleza kwamba bahari ni ya kulipia, alicheka sana. Miaka thelathini aliingia baharini na hakuna aliyemdai kiingilio.

Ndipo wewe ukalipia, ukanisisitizia nimfungulie siku ileile.

Kaka, nisamehe. Bahari ilifunguka siku ileile. Niliijaribu peke yangu uani, nikasikia yale mawimbi, nikamkumbuka ndugu yetu Mashaka aliyepotelea baharini, tuliyemngoja siku tisa ufukweni na halikurudi hata shati lake. Nikaona siwezi kuisikia sauti ile humu ndani kila siku. Nikamrudishia baba ziwa. Akiuliza, namwambia mtandao unasumbua. Wewe nikakwambia anaifurahia.

Nilidanganya hivyo miezi mitatu. Asubuhi ya siku aliyofariki aliniambia, "Mwambie Badru asihangaike tena. Nilitaka tu niyaone maji, nimsomee Mashaka Fatiha. Kaburi hana."

Hata hapo sikuifungua, kwa aibu. Nikampa simu, akavua wawili ziwani, akalala. Baba yetu amekufa akivua bure, kaka, na bahari yake ninayo mie.

Jana niliifungua. Nimemsomea Mashaka, nikamsomea na baba, nikashindwa kuizima.

Mama anakusalimu, bado hajui. Msalimie wifi. Usiponijibu sitakulaumu.

Ni mimi mdogo wako,
Raudha