Miguu ya Baba Haimo Kitabuni

Jumapili, 9 Juni

Kitabu kingine cha vita vya Kagera, na humu pia marehemu baba hayumo. Jina lake sikulitarajia. Nilitaka tu nimwone askari mmoja akisikia njaa, au akiogopa. Badala yake kuna ramani zenye mishale, picha za makamanda, na ushindi kila sura.

Leo nilipanda nacho Mgeta kwa mama. Nilimkuta akimenya njegere, nikamsomea: "Vikosi vyetu vilisonga mbele bila kikwazo."

Mama alicheka mpaka njegere zikamwagika. "Bila kikwazo! Huyo aliyeandika alikwenda kwa gari. Baba yako alirudi hana kucha hata moja miguuni."

Sikuwahi kujua. Baba alilala na soksi miaka yote, nikadhani ni baridi ya huku mlimani.

"Alikwambia ilikuwaje?"

"Nilikuwa namkanda kwa maji ya moto na chumvi. Mtu aliyetoka vitani haulizwi, mwanangu. Anasubiriwa aseme mwenyewe."

"Akasema?"

"Nilisubiri mpaka tukamzika."

Kwa hiyo hata yeye hajui. Bado natamani kitabu kinachojua, ila naogopa wale ambao wangekiandika wanaondoka kimya kama baba.

Nilipoaga, mama aliniambia nivue viatu. Akaupakata mguu wangu, akaanza kuukanda polepole, kidole kwa kidole.

"Hivi," akasema. "Nikifika hapa, alikuwa anafumba macho."