Slaidi ya Nne Inamhusu Mama Mdogo

Kwako mshauri wetu,

Shikamoo. Pokea salamu zangu za heshima, na baada ya salamu ni shida, tena shida ya haraka, maana fainali ni Jumamosi na gazeti lenu hutoka Jumatano, ndiyo sababu barua hii nimeileta ofisini kwenu kwa mkono, kwa kuwa likizo hii nimejifunza mengi kuhusu kuchelewa.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari na nimechaguliwa kujiunga na programu ya uongozi ya likizo inayoandaliwa na chuo kikuu, ambako tunafundishwa kusimama vizuri, kusikiliza wenzetu na kupanga hoja, na mwishoni kuna mashindano ya kisa cha biashara, yaani kila timu inapewa maelezo ya biashara ya kweli iliyokwama, jina limefichwa, nanyi mnatafuta tatizo liko wapi na dawa yake ni nini, kisha mnasimama mbele ya majaji. Kwetu ni mbali na chuo, kwa hiyo nimefikia kwa mama mdogo, ambaye ni fundi cherehani, naye amenipa kitanda chake na yeye analala kwenye godoro chini, katikati ya marobota ya vitambaa, akisema profesa hawezi kulala sakafuni. Profesa ni mimi. Kila mteja anayeingia huambiwa, "Mwanangu huyu yuko chuo kikuu," na nikijaribu kusema ni programu ya likizo tu, ananikanyaga mguu.

Siku ya kugawiwa kisa, kiongozi wa timu yetu, msichana tunayemwita Mkurugenzi kwa sababu huja na mkoba wa baba yake, alianza kutusomea kwa sauti. Biashara ya ushonaji. Kazi nzuri, wateja wengi, malalamiko mengi zaidi. Mmiliki huongea akiwa na pini mdomoni. Wateja husubiri kwenye benchi ambalo mguu wake mmoja ni kopo la rangi. Mteja yeyote akiuliza nguo yake itakuwa tayari lini, hujibiwa, "Njoo Ijumaa."

Mshauri, benchi hilo nilikuwa nimelikalia asubuhi ileile nikifunga viatu.

Nilitaka kusema, naapa nilifungua mdomo, lakini wenzangu walikuwa wanacheka, mpaka Kimya, yule anayetuchorea grafu na ambaye kwa kawaida haongei, akauliza, "Ijumaa ya mwaka gani?", basi na mimi nikacheka, na ukishacheka unarudije nyuma useme huyo ni mama yangu mdogo? Ubaya haukuishia hapo. Timu ilipokwama kutafuta kwa nini nguo zinachelewa ilhali fundi ana mkono mwepesi, mimi nikasema, "Labda hashoni kwa foleni, anashona kwa kelele," nikaeleza kwamba huenda nguo inayoshonwa ni ya yule aliyepo dukani analalamika, akiingia mwenye sauti kubwa zaidi ile ya kwanza inawekwa kando ikiwa na mkono mmoja, na wale wapole wanaosema "hamna neno" ndio nguo zao hushika vumbi. Mkurugenzi alinikodolea macho.

"Umejuaje?"

"Nimechambua tu."

Majaji wa raundi ya kwanza walitusifu kwamba tumeona mambo ambayo hata kisa hakikuyaandika, nami nilitazama viatu vyangu.

Sasa tumeingia fainali, na slaidi ya nne imeandikwa kwa herufi kubwa, TATIZO LA BIASHARA HII NI MMILIKI WAKE, na dawa tuliyopendekeza ni kwamba mmiliki aondolewe kaunta na asiongee na wateja kabisa, na msomaji wa slaidi ya nne ni mimi, kwa sababu wanasema nina sauti inayofika nyuma ya ukumbi.

Na mama mdogo atakuwepo. Mhadhiri aliyekuja dukani kumhoji ili aandike kisa hicho amemwalika fainali akae mstari wa mbele, na timu itakayoshinda itamkabidhi mpango wake jukwaani, lakini yeye ameelewa kwamba anakwenda kutuzwa. Jana nilimkuta anawatangazia wateja wa benchini, "Chuo kikuu wameniandika! Mhadhiri kaja mwenyewe, kauliza, kaandika, na chai kanywa. Njooni Jumamosi mnishuhudie."

"Na gauni langu je?" mama mmoja akauliza.

"Si ndilo utakalolivaa siku hiyo, shoga yangu? Pitia Ijumaa."

Wote waliokuwa pale walipewa Ijumaa, mshauri, kwa hiyo ukumbi utajaa mashahidi.

Juu ya hayo, alipopata habari kwamba timu ya profesa imefika fainali, alinipa tepu nikawapime wenzangu, akajitolea kutushonea makoti ya bluu yanayofanana, zawadi yake kwetu. Nimeyatafuta kila pembe ya duka na nimepata mkono mmoja. Mkurugenzi, ambaye hajui lolote, kaniambia, "Mwambie huyo fundi wenu asije akawa kama yule wa kwenye kisa."

Nimewaza kujifanya mgonjwa, nimewaza kumdanganya mama mdogo kwamba fainali imeahirishwa, nimewaza hata kusoma slaidi ya nne kwa sauti ya chini. Lakini huyu ndiye aliyembembeleza baba aniruhusu nije, akasema, "Mtoto huyu atakuwa mtu, shemeji," wakati mimi mwenyewe sikuwa na uhakika. Sitaki Jumamosi awe ananitazama huku anatabasamu mpaka nifike neno la mwisho la slaidi ile. Nifanyeje?

Tafadhali usiandike mambo yatakayofanya nitambulike. Mama mdogo mwenyewe hasomi gazeti lenu, hulinunua kila Jumatano kwa ajili ya kuchorea na kukatia mitindo ya nguo, ila nahofia wateja.

Ni mimi,
Sauti Inayofika Nyuma ya Ukumbi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti. Umeniomba nifiche mambo yatakayofanya utambulike, lakini barua umeijaza pini, kopo la rangi na mkono wa koti. Ningeviondoa vyote ingebaki shikamoo peke yake. Nimeiacha kama ilivyo, na sababu yake utaiona mwishoni.

Kwanza, futa machozi. Kuona kwamba mama yako mdogo anashona kwa kelele si dhambi. Ni kweli tupu, tena umeiona vizuri kuliko watu wazima waliokalia benchi lile miaka yote. Kosa lako ni kwamba uliwaambia wenzako umechambua, na kumbe unalala humo humo. Na kosa kubwa zaidi ungelifanya Jumamosi. Mtu aliyekupa kitanda chake haambiwi makosa yake kwa kipaza sauti. Haya ya kujifanya mgonjwa uyaache kabisa. Ukiugua, slaidi itasomwa na Mkurugenzi, na huyo hatapunguza sauti.

Leo hii nenda kwa Mkurugenzi na Kimya, halafu mfuateni mhadhiri nyote watatu. Sema hivi: "Fundi wa kwenye kisa ni mama yangu mdogo, na yale niliyosema niliyaona nyumbani." Usiongeze pambo. Huenda wakakutoa kwenye timu. Huenda wakasema endelea. Vyovyote watakavyoamua, yapokee ukiwa umesimama vizuri, si ndivyo ulivyofundishwa?

Kuhusu slaidi ya nne, licha ya kuwa na ukatili, haina akili. Kama tatizo ni mmiliki, mbona wateja wanarudi kukalia benchi bovu? Wanamfuata nani pale, kopo la rangi? Wanamfuata yeye, mikono yake na maneno yake. Ukimziba mdomo umefunga duka. Tatizo lake ni kwamba hawezi kumtazama mtu usoni akamwambia, "Wiki hii sitaweza." Anaogopa kwamba akisema ukweli, mtu ataondoka. Basi andikeni hilo, na dawa yake iwe ubao ukutani, kila nguo na zamu yake, mwenye kelele na mpole wote wausome. Hapo hata yeye akiwa mstari wa mbele anaweza kukubali kwa kichwa.

Na ugonjwa huo wa kuogopa, binti, usijifanye huujui. Siku ya kwanza ungewaambia wenzako, ukaona utasema baadaye. Majaji walipowasifu ungesema, ukaona baadaye. Mama mdogo unakula naye na kulala naye chumba kimoja, na yeye pia umempangia baadaye. Mwanangu, wewe nawe umekuwa ukimwambia kila mtu aje Ijumaa.

Makoti ni kazi rahisi. Siri ya duka hilo unaijua wewe mwenyewe, na sauti unayo. Kaa kwenye benchi, ulalamike.

Sasa ile sababu. Unaniambia mama mdogo hasomi gazeti, hulikatia mitindo tu. Binti, fundi hulikunjua gazeti mezani, akalinyoosha kwa kiganja, akainama kuchora kwa chaki. Unadhani macho yake yanakuwa wapi muda wote huo? Leo ni Jumatano. Huenda ukurasa huu uko chini ya kiganja chake sasa hivi. Kwa hiyo usimalize kunisoma. Weka gazeti, nenda mbele dukani, mwambie atoe pini mdomoni, kisha mweleze yote kwa mdomo wako kabla hajafika hapa.

Na wewe mama, ikiwa umemtangulia kufika: mtoto huyu anakupenda mpaka amekuja ofisini kwetu kwa miguu yake. Msikilize hadi mwisho, na mguu usimkanyage.

Halafu kuna gauni la kijani, la mikono mirefu, limekaa kwako tangu msimu wa mvua. Mwenyewe ni yule mpole anayesema hamna neno. Nalipitia Ijumaa, mama. Ijumaa hii.