Majani ya Jumatatu ya Pasaka

Jumanne, 6 Mei 2025

Amekuja tena. Siku ya nne mfululizo! Mzee Ebenezeri, baba wa marehemu Goodness. Anajiandikisha getini kwa Fabian kama mgeni yeyote, anashuka ngazi polepole hadi bwawani chini ya maporomoko, anakaa kwenye jiwe lile lile. Haongei. Anatazama maji, halafu ananitazama mimi.

Nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia marahaba, basi. Na huyu ndiye aliyenifokea makaburini mbele ya watu wote — eti nililala kazini, nimemuulia mwanawe. Afadhali angefoka tena. Huu ukimya unanimaliza.

Mkono wangu uko kwenye filimbi muda wote, kana kwamba itanisaidia. Sijala kutwa. Naogopa, na sina wa kumwambia ila hili daftari.

Jumatano, 7 Mei

Leo hakuja. Nilifurahi hadi saa tano hivi, kisha nikaanza kujiuliza yuko wapi. Polisi? Kwa mwenyekiti wa mradi wetu wa maporomoko?

Ngoja niandike yote mara moja, labda nitatulia.

Jumatatu ya Pasaka. Vijana wengi kutoka mjini, nyama, spika kubwa. Kazi yangu pale ni moja: maji ya mto yakibadilika rangi, ujue mvua imepiga juu msituni — napuliza filimbi, wote wanatoka bwawani. Hata mtoto wa chekechea angeiweza.

Lakini nyumbani ng'ombe alikuwa amezaa juzi yake, na majani yameisha. Godbless, mume wangu, alikuwa mlimani na wageni. Mama mkwe miguu inamuuma. Na majani mazuri yako wapi? Kandokando ya mto, juu ya bwawa, ndani ya eneo tulilokataza watu kukata. Mimi mwenyewe niliwahi kumnyang'anya mama wa watu mundu wake pale pale! Maji yalikuwa bado meupe. Nikapanda na mundu wangu chini ya koti la kazi. Dakika kumi tu, nilijiambia.

Majani yalikuwa marefu, laini. Nikakata, nikakata. Nilikaa karibu nusu saa. Mara nasikia mayowe. Niliacha mzigo kule kule, nikarudisha mundu chini ya koti, nikakimbia. Maji yalikuwa ya kahawia na Goodness hakuonekana. Miaka ishirini.

Jioni wakataka kitabu cha zamu. Nikaandika: "Nilipuliza filimbi mara tatu, wote walitoka isipokuwa binti mmoja aliyekaidi." Wenzake walipoulizwa wakasema labda ilipulizwa, muziki ulikuwa juu. Polisi wakanakili maneno yangu kama yalivyo. Aliyekaidi! Sijui neno lile nililitoa wapi.

Sijatulia. Naona aibu tu.

Ijumaa, 9 Mei

Amekuja. Safari hii kaongea. Akaniuliza kwa upole, binti yangu, siku ile ulisimama wapi?

Nikamwonyesha. "Hapa, baba."

Akaja kusimama pale pale, bega kwa bega na mimi. Akageuza kichwa huku na huku. Akasema kumbe mtu akiwa hapa anaona bwawa lote. Nikasema ndiyo.

Kisha — Mungu wangu — akashika kile kijia cha kupanda juu ya mto. Kule kwenye majani! Nilitaka kumwambia ni marufuku, nikaishia kushika filimbi. Alirudi baada ya muda, suruali imelowa hadi magotini, akaniaga, akaondoka.

Ule mzigo niliufunga kwa kipande cha kanga yangu ya zambarau. Mama mkwe anayo pea yake. Nusu ya wanawake wa hapa Uru wameniona nayo kanisani.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepanda kwenda kuangalia. Mzigo haupo! Wala kanga. Huenda mto umeubeba. Huenda kuna mama kaokota akalishe ng'ombe wake. Huenda anao yeye.

Nilipoteremka Fabian alikuwa ananisubiri. Hakuzunguka: "Dada Elisifa, mimi siku ile filimbi sikuisikia. Na getini huwa naisikia hata ukifukuzia mbwa."

Nikamwambia ni muziki ule.

"Sawa dada. Wewe ndiye uliyekuwepo."

Wewe ndiye uliyekuwepo. Nimeyasikia maneno hayo njia nzima hadi nyumbani.

Jumatano, 14 Mei

Mzee Ebenezeri kanisimamisha pale ngazini. Jumapili baada ya ibada atakuja kwangu, yeye na kaka zake wawili. Mama mkwe awepo. Mume wangu awepo. Nikauliza, kuna nini, baba? Akasema la nyumbani huzungumzwa nyumbani.

Kaka wawili! Hiyo ni kesi. Wanakuja na kanga yangu, waitandaze mbele ya ukoo. Nimefikiria kukimbilia Arusha kwa dada. Nitasema naenda kufanya nini? Na ndama je?

Ijumaa, 16 Mei

Godbless kashuka mlimani, midomo imepasuka kwa baridi. Nikamwambia kuhusu wageni wa Jumapili. Akacheka: waje tu, wana lipi la kukushtaki? Halafu akaacha kucheka. "Si ulipuliza lakini?"

Nikasema nilipuliza.

Akaendelea kula ndizi zake za machalari. Huyo naye nimeshamdanganya sasa.

Jumamosi, 17 Mei

Nimefua. Nimefagia banda mara mbili. Ng'ombe anatoa maziwa kuliko uzao wowote, wote wanasifia. Mimi siyagusi.

Jumapili, 18 Mei

Wamekuja. Wako sebuleni sasa hivi. Mimi niko jikoni, nimesema nachemsha chai. Naandika haraka.

Mzee Ebenezeri aliingia na kitu kirefu amekifunga kwenye gazeti. Nikajua ni kanga. Nikakaa kabla wageni hawajakaa — mama mkwe akanitolea macho.

Akafungua gazeti. Isale! Majani mabichi ya isale, yamefungwa fundo.

Ananiletea isale mimi! Anayeleta isale anaomba msamaha, na kwetu hakuna anayeikataa. Alisimama, mzee mzima, kofia mkononi. Akasema alinitukana makaburini mbele ya watu kwa uchungu. Akasema amekaa pale kwenye maji siku zote hizo ili aone kwa macho yake, akapanda hadi juu, na ameridhika: mlinzi akiwa pale anaona bwawa lote, na kitabu kinasema nilipuliza mara tatu. Basi kosa si langu. Ni la mwanawe.

Akasema: "Tangu utoto, Goodness ukimwita mara moja anaitika. Sijui siku ile alipatwa na nini. Nimemkasirikia mwanangu hata kaburini kwake siendi."

Mama mkwe analia. Godbless ananitazama kwa fahari. Kwa fahari!

Hana kanga. Hajui lolote. Nikiipokea ile isale yamekwisha: kazi ninayo, nyumba ninayo, Fabian hatasema. Nimeogopa wiki zote hizi asije akajua, na sasa naogopa zaidi kwamba hatajua kamwe. Goodness atabaki mkaidi kwao milele. Mwandiko ni wangu.

Na nikisema? Polisi. Godbless. Yule mzee ataifanya nini ile isale mkononi?

Chai imechemka mpaka imemwagika motoni. Nimetoka mara moja hadi bandani, nimechomoa mundu pale darini nilipouficha tangu Pasaka. Una kutu. Nimeuweka kwenye sinia, katikati ya vikombe, wauone kabla sijasema neno.

Nimeuondoa.

Mama mkwe anaita, Elisifa, wazee wamesimama wanakusubiri, mkono wa mtu unachoka.

Nimeurudisha kwenye sinia. Nalibeba hivyo hivyo. Anaita tena —