Uso Ulio kwenye Fulana

Kasuku, Kindu

Yaya wangu mpendwa, dada yangu mkubwa Jacqueline,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, nikitumaini barua hii itakukuta mzima huko Lubumbashi, wewe, shemeji na watoto. Je, mguu umepona? Sisi huku tunapumua. Mama mudogo Élisabeth anakusalimu. Anasema umesahau kwamba hata wewe unaweza kumpigia simu. Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu ungelia, nami ningekata kabla ya kumaliza.

Matanga tumeyafunga vizuri. Ndugu wa kule Mikelenge walifika mapema, wakala wakashiba. Tangu mwaka ule wa vita, Mama alipovuka mto Lualaba kututafutia muhogo mji ukiwa umefungwa, asirudi, hatukuwahi kumlilia kama watu wanavyoliliwa. Mwili haukupatikana, nasi tulikuwa watoto. Ndiyo maana uliposema tumfanyie matanga, na kila mtu avae fulana yenye picha yake, nilikubali mara moja. Fulana za matanga ndiyo kazi inayonilisha. Nimechapa marehemu wa nusu ya Kasuku. Ningeshindwaje na mama yangu?

Sasa nikueleze programu ninayochorea, hata kama utapiga miayo. Kwenye dirisha la maandishi, kitufe cha kijani upande wa kulia kinatunza kazi yako. Kwenye dirisha la picha, kitufe hichohicho cha kijani, palepale kulia, kinafuta picha ya zamani na kuweka mpya mahali pake. Mkono uliozoea hausomi. Watengenezaji hutuuliza kila mara tunataka nini kipya. Niliwaandikia kwa Kifaransa changu cha Jumapili kwamba sitaki kipya chochote, nataka vitufe vifanane kila dirisha. Wakanishukuru. Ombi langu wakaliweka mahali watumiaji wanapopiga kura. Likapata kura moja, yangu. Wenzangu wa dunia nzima walitaka programu ijaze yenyewe sehemu zilizoharibika za picha, na hilo wakapewa haraka. Kakule, jirani yangu wa duka la fotokopi, alicheka sana, akasema ninagombana na watu wasiojua kama Kindu iko duniani.

Picha ya Mama unaikumbuka, ile moja tu tuliyobaki nayo, iliyoloa tulipokimbia na Mama mudogo. Ukungu ulikuwa umekula shavu na jicho moja. Nilipoiweka kwenye skana ilinata kwenye kioo, na nilipoibandua ikachanika, uso ukaharibika kabisa. Sikuogopa, kwa kuwa ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta. Nikajaribu hicho kipya cha kujaza. Programu ikamtengenezea Mama shavu na jicho, ikalainisha hata upande uliokuwa mzima, ikanipa mwanamke mwingine. Nikasema hapana, ngoja kwanza niitunze ya zamani. Mkono ukaenda kulia, kwenye kijani.

Yaya, ya zamani haipo tena. Nilitafuta kila mahali, Kakule naye akatafuta. Nikawaandikia tena wale watu. Wakanishukuru kwa maoni yangu. Siku ya matanga ilikuwa imefika, nikachapa kilichokuwepo na kunyamaza. Fulana niliyokutumia, ile uliyonipigia simu ukilia kwamba ni Mama mwenyewe kabisa, haina uso wa Mama.

Mama mudogo peke yake ndiye aliyetambua bila kuambiwa. Aliishika, akaitazama sana, akaniambia polepole: "Huyu mwanamuke ni muzuri, lakini mimi simujui." Nikamwomba anionyeshe palipokosewa, nirekebishe. Akafikiri, akashindwa. Kisha akaivaa, akaenda kuketi na wengine.

Mimi nami nikijaribu kumkumbuka Mama, anakuja yule wa fulana. Nimekata tamaa, Yaya. Wewe ulinitangulia kuzaliwa. Kama umebaki na kitu kimoja cha uso wake, hata nyusi tu, niandikie. Na kama ukifumba macho unamwona huyohuyo, usiniambie.

Nisalimie shemeji, na uwakumbatie watoto kwa niaba yangu. Mungu akulinde na kuuponya mguu.

Mdogo wako akupendaye,
Ornella